Mtoto Asiyetambaa

Kavugho anapiga simu toka Ubelgiji, picha inakwama-kwama:
"Mumbere ana miezi tisa, bado hatambai?
Wangu anazunguka zulia zima.
Daktari ana karatasi, kila mwezi na mstari wake."

Nageuza simu aone ua wetu, hapa Majengo:
mawe meusi ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika.
Dada, atambae wapi?

Alitoka mgongoni akaingia beseni,
kitenge kimemzunguka kiunoni, akakaa wima mwezi wa nne;
toka beseni, mapajani kwa mama mkwe
anayemrusha-rusha hadi miguu ikajua kazi.
Juzi alishika chukudu ya baba yake
akasimama.
Magoti yake hayajawahi kugusa ardhi.

Kavugho ananyamaza. Nyuma yake
chombo kidogo kinakoroma: mwanawe analia
chumba cha pili, peke yake,
na saa ya kulala haijaisha.
Anakitazama chombo. Ananitazama mimi.

Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayeiba:
"Kile kitenge... ncha ya kulia
inapita juu ya titi, ao chini ya kwapa?"