Chumba cha Wawili, Mmoja Ana Mkia

Gesti ya kwanza, Mafinga. Nikauliza bei,
maji ya moto, kama blanketi ni mbili,
kisha nikameza mate: nina mbwa.
Simu ikanyamaza kama mtu aliyeona nyoka.
"Mama, sisi tunapokea watu."
Nikamwambia asante, kama watu.

Ya pili, Njombe, sauti changamfu ya kijana:
"Ni wa kizungu? Wale wenye manyoya?"
Hapana, mwanangu. Ni koko.
Sikio moja aliliacha Mwanjelwa, mlangoni pa bucha.
"Ah. Basi siku hizo tumejaa."
Sikuwa nimetaja siku.

Ya tatu, Makete, wakakubali:
afungwe nyuma, karibu na jenereta,
alipiwe nusu ya kitanda asichokilalia.
Nikamtazama chini ya meza,
kidevu juu ya kiatu cha marehemu
ambacho bado sijapata moyo wa kukigawa.
Jenereta! Huyu ambaye radi ya Machi
huisikilizia ndani ya kabati.

Gwamaka ndiye aliyempa jina,
mwaka tulipohamia Iyunga bila harusi,
mimi nesi wa miaka arobaini na miwili,
yeye fundi saa mwenye watoto wakubwa.
Majirani walihesabu kila sufuria tuliyoshusha.
Akakiinua kitoto kile kwa ngozi ya shingo,
akatangaza getini: "Huyu ni Watasema."
Miaka kumi na mitatu nimeliita jina hilo jioni, uani,
na mpaka leo kuna mlango ng'ambo
hufungwa nikiita.

Daktari wa mifugo kasema nyonga zimechoka.
Asipande, asishuke. Atembee kidogo, kila siku,
penye udongo laini.
Na Mbeya yetu ni nini, kama si kupanda na kushuka?
Kwa hiyo sikuwa natafuta mandhari.
Kitulo na maua yake, najua, mbwa haingii,
na ni haki; maua hayakuomba mgeni.
Njia ya Ngosi ni ngazi ya mizizi.
Nilitaka njia inayokwenda mahali bila haraka
na kurudi bila kukudai.

Namba ya nne alinipa muuza viazi.
Isyonje. Bati jekundu, vyumba viwili, picha hakuna.
Mwenyewe Anyandwile.
"Ugonile," akasema. Nikaanza tena: nina mbwa.
"Anaogopa ng'ombe?"
Hapana.
"Ng'ombe wangu ndio waoga. Ana miaka mingapi?"
Nikakaa kitini. Hakuna aliyekuwa ameuliza.
"Basi usimpeleke upande wa mianzi, kuna mteremko.
Kuna njia ya pareto, imenyooka mpaka kijitoni.
Bandika maharage, ndipo uondoke.
Ukirudi polepole, yameiva. Anaitwaje?"
Watasema.
"Waache waseme. Njooni na sweta."

Tulikuta ukungu umelala juu ya viazi
na magunia mawili yametandikwa mlangoni,
kwa ndani.

Asubuhi nikabandika maharage, tukatoka.
Hatua kumi, kunusa. Hatua sita, kunusa.
Kila nguzo ya uzio ilikuwa na habari zake,
nyingine ndefu, zilihitaji kusomwa mara mbili.
Mtoto wa shule akapita, akauliza jina, nikamwambia.
Aligeuka mara tatu akisubiri nimalizie sentensi.
Kijitoni mzee wangu akanywa, kisha akaketi,
nyonga zote mbili ndani ya maji baridi,
akafumba macho kama abiria aliyepata siti.
Sikumharakisha.
Mlima Rungwe ulitoka kidogo, ukajifunika tena.
Nilikuwa na biskuti mbili mfukoni. Tukagawana vibaya,
yeye moja na nusu.

Maharage yaliungua.
Anyandwile alikuwa ameshayaepua, kafungua dirisha,
hakusema kitu.
Sisi tulikula ya juu.
Yale ya chini, meusi, yenye moshi,
yalikuwa na mwenyewe.