Bei Gani Huko?

Kabla sijafungua kibanda Makoroboi,
kabla sijapiga mswaki,
namwandikia Kulwa aliyeko Kisumu:
Bei gani huko?

Hatuamkiani. Tulishaamkiana tumboni.
Ananitumia tarakimu, namtumia tarakimu,
natoa, nagawanya, naondoa makato,
na kinachobaki katikati,
ukucha mwembamba wa shilingi,
ndicho tunachokula.

Maana sarafu ni moja. Haina kutu, haina harufu,
haijui Sirari wala foleni ya forodha.
Ila ikilala Kisumu inaamka bei chee,
ikitua Mwanza inavimba kichwa,
kwa kuwa Magafu wa vipuri anataka dola leo
na benki imemwambia arudi Alhamisi.
Tumbo moja, majina mawili.
Na mimi ndiye Doto: nafuata.

Mama hakukubali.
Mzigo ambao haukubebwa na mtu, faida yake inatoka wapi?
Nikamtajia Mwaloni: debe la dagaa wa Ukara
lina bei ya ufukweni, lina bei ya sokoni.
Akacheka hadi kanga ikamlegea.
Ule ni ujira wa mgongo, Doto. Huu wako ni ujira wa nini?
Nikasema: wa mpaka. Wa kuchelewa.
Wa Magafu kutokuwa na ndugu Kisumu.

Na deni la Kulwa nililipa kwa magunia:
sarafu ikija hewani, pumzi tatu,
dagaa wakienda kwa lori, siku mbili na turubai.

Mwezi wa nne wakaingia vijana wa Nyegezi
na mashine isiyosinzia.
Ukucha ukawa unywele.
Unywele ukawa kosa la kuhesabu.
Kulwa akaandika: Sawasawa.
Nikatazama upande wangu. Sawasawa, hadi senti.

Wenye elimu yao watasema soko limepona.

Leo siku ya tisa simu haijatetemeka.
Nimeandika: Mtoto ameota meno? Nikafuta.
Nimeandika: Mvua imenyesha? Nikafuta.
Maneno haya sikuwahi kuyapangia bei,
sijui yanaanzia ngapi.

Mwisho nikatuma lile nililokuwa na jibu lake:
Bei gani huko?

Akajibu kabla sijaiweka simu mezani:
Ileile. Kwako?