Mshika Dasta

Uani kwa Bi Tatu Kondo, Magomeni Mapipa,
tunakutana Jumapili, sisi wafuga njiwa,
kumi na saba tukitimia, tisa mvua ikinyesha.
Ubao ni wake. Chaki ni yake. Kivuli cha bati
tunachokikalia juu ya makreti ya soda, chake pia.
Mimi kazi yangu dasta.

Si cheo. Nilikabidhiwa kwa kuwa nawahi kufika.
"Matusi ufute," alisema, "siasa ufute,
wauza dawa za nguvu ufute.
Njiwa aliyepotea mwache wiki mbili."

Niliacha: Amepotea dume, kijivu, pete ya bluu, Kigogo.
Niliacha: Nani anajua dawa ya kunguru?
na chini yake majibu yaliyojaa hadi kwenye fremu,
manati, kioo, mtoto wa jirani alipwe.
Nilifuta namba ya mganga.
Nilifuta salamu za mtu kwa mke wa mtu,
ingawa mwandiko ulikuwa mzuri.

Kisha Lugendo.
Lugendo wa Tandika, ambaye njiwa wake hurudi kutoka Chalinze
kabla basi lililowapeleka halijageuza.
Aliandika kwa herufi kubwa hadi chaki ikavunjika:
BI TATU ANATUUZIA NJIWA WAGONJWA. MWIZI MKUBWA WEWE.

Sentensi ya kwanza ilikuwa habari.
Ya pili ilikuwa tusi.
Nilizifuta zote kwa mkupuo mmoja,
kwa sababu dasta ni pana,
au kwa sababu Bi Tatu alikuwa ananimiminia chai.

Lugendo hakupiga kelele.
"Ubao wake, sawa. Na macho yangu, ya nani?"
Jumapili iliyofuata geti halikumfungukia.
Tukasema: mwenye nyumba ndiye mwenye nyumba.
Tukasema: Dar yote iko wazi, akaseme Mnazi Mmoja,
akaseme Kariakoo na kipaza sauti, nani kamziba mdomo?

Akasema. Tulikuta ukuta wa nje, upande wa mtaro,
ambao ni wa manispaa, au wa Mungu:

*Nyumba ni yako mwenyewe, mlango funga fungua,*
*na mimi nje nitolewe, kwenye jua na mvua,*
*lakini njiwa wenyewe, shingo zinajipindua,*
*chaki ndiyo ifutwayo, kideri kitachukua.*

Nilihesabu mizani kwa vidole. Imetimia.
Nilitafuta tusi. Hakuna.
Nikaingia ndani, nikanywa chai.

Jumatano jike langu jeupe liligeuza shingo
kama anayesoma kitu kilichoandikwa mgongoni mwake.
Ijumaa nilizika saba. Kunguru walijaa darini
kama watu waliosikia kuna pilau.
Kwa Bi Tatu mabanda yalinyamaza yote,
hata lile la chini alilokuwa haliuzi.

Jumapili tulikuwa sita.
Hakupika chai. Aliokota kipande cha chaki, akaandika,
yeye ambaye ubaoni haandiki:
Mmoja alikuwa anakohoa. Nikasema vumbi.
Akakaa. Mtu asimwangalie mwenzake.
Dasta ilikuwa pajani kwangu, nzito kama tofali.

Siikani haki ya geti. Yupo mmoja tulimtoa
kwa aliyomwandikia binti wa Mwinshehe,
na kesho akirudi nitamtoa tena, bila shairi.
Tandika nimekwenda mara mbili. Lugendo ananisikiliza
akiwa dirishani, anajibu habari za mvua, hafungui mlango.
Nyumba ni yake.

Siku hizi dasta inakaa msumarini.
Natumia kidole. Nakilowesha mate,
nafuta neno moja, taratibu,
nikichunga lile lililo jirani yake.
Inachukua muda. Wengine wanalalamika.
Usiku, nikila, ugali una ladha ya chaki.