Mipaka ya Utafiti

Sura ya tano, kipengele cha nne, Dokta Ayebazibwe
ameandika kwa kalamu nyekundu: *Mipaka ya utafiti haijaelezwa.*
Niko Mbale, juu ya duka la mbolea, umeme umekatika,
kompyuta imebakiwa na asilimia kumi na tisa,
na mipaka ninayoijua mimi ni ya masale.

Nabifo aliyapanda mwenyewe, mche kwa mche,
mwaka aliofiwa na mume, mashemeji wakaanza kupima kwa macho.
Sale halifi upesi: ukilikata, linachipua.
Lakini hung'olewa usiku, likapandwa hatua tatu mbele,
na asubuhi kila mtu anaapa halikutembea.

Ndiyo maana nilipanda Bududa na mnyororo wa vitalu.
Akacheka: "Vitalu ninavyo, vya miche ya kahawa."
Nikamwambia hivi vyangu havihitaji kivuli. Kila kimoja
kimebeba alama ya kidole ya kilichokitangulia;
ukigusa cha jana, vyote vya leo vinapiga kelele.
Daftari moja, nakala tano: Mbale, Gulu, Mbarara,
Kampala mbili. Hakuna mwenyekiti wa kuhongwa,
hakuna karani wa kufuta kwa mate.
"Na nyinyi mkikosea?"
Niliandika swali lake pembeni, kwa adabu tu.

Tukapima. Kuloba aliinua simu, akazunguka pembe nane,
akinisomea namba ndefu kuliko ukoo wa mtu.
Nabifo akabonyeza kidole gumba.
Nodi tano zikaafikiana kwa sekunde nne
jambo lililowashinda mashemeji miaka tisa.

Kisha Novemba. Siku ya tatu ya mvua, mlima uliondoka.
Sina neno bora: uliondoka,
kama mtu anavyoondoka nyumbani bila kuaga.
Mibuni mia mbili na kumi, jiko, choo, mbuzi wawili,
na masale, yakiwa bado yamesimama kwenye mstari wake,
vikashuka hadi kwa Gidudu, vikatua juu ya mihogo.
Nabifo alikuwa zahanati, miguu yake.
Mjukuu wake hakuwa zahanati.

Nilifungua daftari. Nodi tano, bila shaka yoyote,
zilisema shamba lipo. Ekari moja na robo,
latitudo, longitudo, hewani, juu ya kovu jekundu.
Hakuna aliyelidukua. Hakuna aliyelifuta.
Ndivyo nilivyoahidi.

Nikamkuta ameketi chini ya kahawa yake
kwenye ardhi isiyo yake. Kahawa ilikuwa inaiva.
Gidudu, panga mkononi, hajui akate cha nani.
"Mwalimu, hicho kitabu chako kisichosahau,
kinasema mimi nakaa wapi?"

Mnyororo haukubali kufuta; unakubali kuongeza.
Usiku ule nilikikodolea macho kitalu kipya, kitupu,
kishale kikipepesa.
Nikaandika: *ardhi imehama.*
Programu ikakataa. Niliitunga mimi mwenyewe, Aprili,
na katika orodha ya vinavyoweza kuhama
niliweka mmiliki, mrithi, mnunuzi, benki.

Wao hawakuningoja.
Gidudu atachuma misimu miwili, Nabifo mmoja,
hadi mihogo ilipwe; baadaye wataonana tena.
Hakuna aliyetia sahihi. Kuloba alitaka kuwapiga picha,
wakamwambia ashike kwanza jembe.
Na pale alipopatikana mtoto
Nabifo alichomeka sale moja.
Sikuuliza linatenga nini na nini.

Asilimia sita.
Dokta anataka aya mbili, kwa lugha ya kitaaluma.
Nimepata sentensi moja:
*Utafiti huu ulichukulia kwamba ardhi hukaa.*