Kiraka

Kilianzia kwenye kona, upande wa pua,
kinyama kidogo kama ukucha wa mtoto.
Miaka tisa kwenye vidimbwi vya chumvi, Katwe,
jua likinipiga mara mbili:
mara toka juu, mara toka majini.

Walikikata. Nikashukuru, nikarudi ziwani.
Kabla maharagwe ya msimu hayajakauka
kilikuwa kimerejea, chekundu, kinene,
kikiikaribia mboni
kama mdai aliyekwisha kuijua njia.

Safari hii daktari Kabugho hakuwa na haraka.
"Kukata tu ni kufyeka," alisema,
"palipo wazi pataota tena. Lazima tupande kitu."
Akabandua utando chini ya kope la juu,
mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
akauhamishia pale.
Hakushona.
Gundi ilikuwa damu yangu mwenyewe.
Nikalala macho, nasikiliza saa ya ukutani,
nikiwaza: jicho limejitilia kiraka,
nguo ile ile, kitambaa kile kile.

Matone mara nne kwa siku, wiki kwa wiki.
Kofia pana.
"Na chumvi, utaiacha?"
Nikamwonyesha karatasi ya karo ya Thembo.
Akanyamaza, kisha akaandika:
miwani nyeusi, hata siku ya mawingu.

Wenzangu ziwani wananiita Bibi Waziri.
Nawaacha wacheke.

Asubuhi Thembo hunishikia kioo
kabla hajavaa sare,
tukaikagua ile kona
kama watu wanaolinda mtama.

Nyeupe.
Leo bado nyeupe.