Santuri Nne, Merthyr

Ya kwanza waliirekodi gereji kwa mamake Lowri,
mashine ya kufulia ikiendelea na kazi zake.
Tega sikio: kwenye kibwagizo cha pili
inakamua mashuka.

Ya pili ilipanda chati, namba thelathini na nane,
wiki moja,
ikashuka kama mtu aliyekosea mlango.

Ya tatu kampuni iliwatilia vinanda wasivyoviomba.
Emrys akaweka gitaa chini, akaenda kuuza matairi.

Ya nne haina jalada.
Gethin na ngoma zake tu, dakika arobaini,
na pale gitaa lilipopaswa kuingia
ameacha pengo.

Niliipata kwa pauni moja, duka la mitumba.
Pengo likikaribia
naepua birika,
lisije likapiga mluzi.