Hamira ya Kuazima

Ulililamba, Itto, kabla ya kuniuzia.
Pale Erfudi, juu ya turubai la buluu,
uliokota jiwe jeusi, linang'aa kama kaa lililopakwa mafuta,
ukatoa ulimi, ukalamba, ukatulia.
"Hili si la hapa," ukasema.
"Mawe ya hapa yana chumvi. Hili halina ladha ya kitu."
Kisha ukataja bei kwa gramu,
wala hukushuka hata dirhamu moja.

Nilipanda basi la usiku kwenda Rabat,
jiwe mapajani, limefungwa mara tatu,
nimelishika kama mtoto wa watu.

Maabara yetu ina mlango nyuma ya mlango.
Glavu juu ya glavu. Barakoa.
Hata pumzi yangu hupita kwenye chujio kwanza.
Msumeno mwembamba ukalipasua kimya,
na ndani, vipovu vidogo kuliko ufuta,
vimebana hewa ya Mirihi
tangu siku ile kitu kilipoigonga sayari
na kipande kikachomoka bila kuaga.
Miaka gizani, milioni ngapi sijui,
hakipigi hodi popote,
mpaka usiku mmoja mbuzi wa jangwani wakakata kamba.

Siku ya nne, chini ya lenzi,
kitu kikajigawa.

Kimoja kikawa viwili.
Nilisimama hadi kiti kikaanguka.
Viwili, vinne. Sikumwita mtu.
Nilikaa nacho usiku kucha, kama mwenye mgonjwa,
nikiwaza: kumbe tulikuja.
Kumbe huu udongo tunaouita mama
ni mama wa kambo tu, aliyetupokea mlangoni.
Nilimwandikia dada yangu ujumbe mrefu.
Nikaufuta.

Kulipokucha, majibu ya vinasaba:
ni wako, Itto.
Vijidudu vya kinywa cha binadamu,
wakazi wa kawaida wa ufizi,
pengine wa lile jino lako bovu la kushoto.

Profesa Belkadi alicheka mpaka akavua miwani.
Mimi nilishindwa.
Maana nilikuwa nikitafuta kama uhai husafiri,
na ulikuwa umesafiri:
shibiri moja, kutoka ulimini hadi kwenye jiwe geni,
ukafika, ukakaa siku nne bila mwenyeji,
ukakuta cha kula, ukazaa.
Sasa nani ataniapia
kwamba dunia hii, ilipokuwa bado jiwe la moto likipoa,
hakuna aliyeilamba?

Nilirudi kwako wakati wa baridi, nikakueleza yote.
Ukauliza kama nimefuata pesa zangu.
"Hazirudi," ukasema, ukaendelea kukanda.
Kando yako bakuli, ndani yake kibonge cha unga wa jana,
kinanuka uchachu, kinapumua.
Nikauliza hamira hiyo uliianza lini.
"Sikuianza. Yangu ilikufa mwaka wa ukame.
Hii niliazima kwa Tuda, mke wa Hammu."
Na Tuda?
"Kwa mama mkwe wake, kule mlimani."
Na huyo mama mkwe?

Ukaniangalia kama unavyowaangalia
wanaouliza bei na hawana nia ya kununua.
"Yuko mtu," ukasema,
"siku moja alisahau unga na maji kwenye bakuli."

Ukageukia mkate wako.
Nami nilikuwa na maswali bado:
bakuli la nani, maji ya wapi,
na joto kiasi gani, na alisahau kwa muda gani.
Hayo ndiyo ninayolipwa mshahara kuyauliza.
Ukanimegea kibonge, ukakitia kwenye mfuko wa plastiki,
ukafunga fundo.

Basi la usiku tena. Mapajani tena.
Dereva alikuwa amewasha kipasha joto.
Kabla hatujafika Midelt, watu wote wamelala,
fundo likaachia,
na kitu cha uvuguvugu
kikaanza kunipanda mkononi.